Haturari

Mwenyekiti wa kikundi chetu anaamini kwamba Kiswahili ni mali ya Tanzania na sisi wengine tunakiazima tu. Yeye alikulia huko, akasoma huko, na hata baada ya miaka yote hii Kigali bado anamsahihisha mhudumu anayemwambia "chai iko tayari", eti aseme "ipo". Nimemvumilia kwa sababu ana santuri nyingi kuliko sisi wote, na kwa sababu akiteremsha sindano juu ya sahani mkono wake hautetemeki. Lakini siku aliyotaka kumsahihisha mama yangu, uvumilivu uliniishia.

Tuko wachache, wanaume watupu na mimi. Tunakutana Jumapili baada ya misa kwenye mgahawa mmoja wa Kiyovu, nyumba ya kizamani yenye veranda pana, kila mtu na sahani zake za santuri kwapani. Tunachopenda ni muziki wa vijana wa miaka ya sitini: twisti, chacha, nyimbo za dakika tatu ambazo bendi za mijini kwetu zilipiga zikijitahidi kufanana na wale Wazungu wenye nywele ndefu na, kwa bahati nzuri, zikashindwa. Tunagombana sana. Hii ni twisti au ni chacha iliyokimbizwa? Mpiga besi alikuwa amelewa au ndivyo alivyotaka? Mtu ambaye nusu ya sahani zake ni za sabini ana haki ya kukaa nasi? Mwenzetu mmoja alinuna mwezi mzima kwa sababu tulimwambia tarumbeta aliyokuwa akiisifu ni saksafoni. Watoto wangu wanasema tunapoteza wakati. Ni wakati wetu, tutaupoteza tunavyotaka.

Mimi nilikulia Bujumbura. Mama alifika huko akiwa msichana mdogo, kwa miguu, pamoja na wazazi wake, walipoikimbia Rwanda. Alipofikia umri wa kuvaa viatu vya kisigino akaingia kwenye bendi ya vijana wa mtaani, akawa anaitikia nyuma ya waimbaji. Bendi hiyo ilitoa sahani moja tu, ndogo, wimbo mmoja kila upande, ikachapwa Nairobi. Nakala ya mama ilivunjika kabla sijazaliwa. Nilikua nikisikia habari zake kama watoto wengine wa kwetu walivyosikia habari za ng'ombe wa babu yao waliobaki Rwanda: nilijua rangi yake, na sikuwahi kuiona.

Mwaka jana niliipata Gitega, ule mtaa wa hapa Kigali, kwa fundi anayeuza redio mbovu, chini ya rundo la spika zilizotoboka. Karatasi ya katikati ilikuwa imechanika, lakini jina la bendi lilisomeka. Nilirudi nyumbani Kagarama kwa pikipiki nimeikumbatia kifuani, na dereva akaniuliza kama nimebeba mayai.

Mama anaishi nami. Anakaribia miaka themanini, macho yamefifia, masikio bado ni ya mwanamuziki. Nilidhani atalia. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ukipiga paja, kisha akasema, "Gitaa iko nyuma sana. Nirimwambia yure kijana, akakataa." Mimi ndiye niliyelia, na akanishangaa.

Wimbo wenyewe ni wa kucheza. Kiitikio kinasema leo hatulali, yaani tutacheza mpaka kuche. Wanaume wanaimba "leo hatulali", wanaimba tena, halafu muziki unashuka kidogo na sauti moja ya msichana inajibu peke yake: "Leo haturari." Kwa r. Kila mtu Kigali anajua hiyo r inatoka wapi. Sisi tuliokuzwa na Kinyarwanda, l na r zinabadilishana viti mdomoni bila kutuomba ruhusa.

Kikundi kiliupenda wimbo huo kuliko nilivyotarajia. Tulikuwa tunaandaa jioni ya santuri katika hoteli moja ya Kiyovu, na mwenyekiti akatangaza kwamba sahani hiyo ndiyo itakayofungua, na mama atakaa mbele kama mgeni wa heshima. Mwenzetu aliyekulia Uganda, fundi wa sauti, akaichukua ili aiingize kwenye kompyuta na kuondoa mikwaruzo. Alinirudishia sahani yangu wiki iliyofuata, na Jumapili hiyo tukakaa verandani kusikiliza kazi yake.

Mikwaruzo ilikuwa imekwisha kweli. Gitaa liling'aa. Ikafika pale muziki unaposhuka, nikainamisha kichwa nimsikie mama, nikasikia wanaume. "Leo hatulali." Nikaomba irudiwe. Wanaume tena. Fundi alikuwa ameizamisha sauti ya mama wimbo mzima, na pale anapojibu peke yake akabandika sauti zao.

"Nimeisafisha tu, dada," fundi akasema, akimwangalia mwenyekiti.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Dada yangu, mama tunamheshimu sana. Lakini watakuja watu wa ubalozi, watakuja wageni kutoka Dar es Salaam. Wakisikia 'haturari' watamcheka. Tumeona tumsitiri."

"Kumsitiri?" nikasema. "Mama yangu yuko uchi?"

Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba si aibu kukosea, kwamba hata yeye hukosea, na kwamba nikimuuliza mama mwenyewe atashukuru. Nilichukua nakala ya fundi kwenye simu yangu nikaondoka bila kuaga. Nakiri nilitukana ngazini, kwa lugha tatu, na kila moja ilinifaa.

Nyumbani nilimwekea mama bila kumwambia kitu. Aliupokea mwanzo kwa kichwa, akikitikisa. Kilipofika kiitikio kichwa kikasimama.

"Hawa ni nani?"

"Ni bendi yenu, Mama."

"Oya, hapana. Mimi niko wapi?"

Swali hilo liliniuma kuliko yote niliyoyasikia pale verandani. Ikanibidi nimwambie: kwamba wameiondoa sauti yake kwa sababu alikosea kutamka, kwamba wanaogopa atachekwa.

Mama alicheka yeye kwanza. "Nani arikosea? Mimi? Sikiriza, mwana wanjye. Ware wanaume waritaka kucheza mpaka asubuhi. Sawa, wacheze. Mimi nyumbani nirikuwa na mama yangu, miaka mingi, mizigo hajafungua yote. Kira jioni anatwambia, hapa haturari. Basi nikaimba iyo."

Nilikaa kitini. Kwa Kinyarwanda *kurara* si kufumba macho usingizini. Ni kukaa usiku mahali: mgeni aliyechelewa hurara kwako, msafiri hurara njiani. Vijana wa bendi walikuwa wanasema usiku huu hatutapata usingizi. Yeye, katikati ya twisti, ndani ya kiitikio chao, alikuwa anasema sisi hapa hatukai, tunapita, kwetu kupo. Herufi moja. Na wote walidhani ni ulimi mzito wa msichana wa Kinyarwanda.

"Hukuwaambia?"

"Niwaambie ya nini? Wangesema niitoe."

Walikaa, bila shaka. Walirara Bujumbura zaidi ya miaka thelathini, bibi yangu akazikwa huko, mimi nikazaliwa huko, kabla sisi tuliobaki hatujarudi Rwanda. Wimbo haukumsaidia mtu. Lakini aliusema, ukachapwa kwenye sahani, na mahali pote ulipochezwa watu walicheza juu ya neno lake bila kujua. Niliona fahari. Halafu hasira ikarudi mara mbili, maana sasa nilijua walichokuwa wamekifuta.

Nilimpigia simu mwenyekiti. Nikamwambia itapigwa sahani yenyewe, na mikwaruzo yake, au haitapigwa kabisa, kwa sababu ni yangu. Nikamweleza maana. Akasema, "Basi turuhusu tuwaeleze wageni kabla, ili wasicheke." Nilimuuliza mama. Akasema hapana. Sijawahi kumtii mama yangu kwa furaha kama hiyo.

Jioni hiyo alivaa mushanana wa buluu, nikamketisha mbele. Sahani niliibeba mwenyewe na sikumpa mtu hadi mwenyekiti alipokuwa amesimama mbele ya mashine ya santuri. Akateremsha sindano. Mikwaruzo ikajaa ukumbini, watu wakaanza kutikisa mabega, wanaume wakaimba, muziki ukashuka. "Leo haturari."

Meza ya upande wa kulia ilicheka. Bwana mmoja mwenye suti nzuri alimrudia mwenzake neno hilo, akiivuta ile r, wakacheka tena. Nilikuwa nimeshasukuma kiti nyuma. Mama akanishika mkono, akajiinua yeye.

"Simamisha kwanza," akasema. Mwenyekiti akainua sindano.

"Wenye kucheka, nyinyi mumesikia vizuri, asante. Wengine, pengine gitaa imewafunika. Mwenyekiti, rudisha mwanzo. Na uongeze sauti."

Yule mtu anayemsahihisha kila mhudumu wa Kigali hakumsahihisha mama. Alisafisha sindano kwa kidole, akairudisha ukingoni, akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikakataa kuzunguka.

Mama hakukaa. Alisimama akishikilia bega langu, amemgeukia yule bwana wa suti, wimbo wote ukimpita. Wanaume wakaimba mara yao ya kwanza, wakaimba ya pili. Muziki ukashuka, na msichana wa Bujumbura akasema haturari. Na mama, juu yake, kwa sauti kavu isiyotafuta uzuri tena, akamjibu:

"Leo tunarara."