Maji Yaliyotulia

Mashine ya oksijeni ilipofika kituo cha afya, huko milimani Makete, wauguzi waliipigia vigelegele. Ilikuwa imenunuliwa kwa mkopo wa vifaa, na mkopo ule ulikumbuka kila kitu isipokuwa mtu wa kuwafundisha kuiendesha.

Asubuhi moja ya ukungu, Tusekile Mahenge alijifungua mtoto wa kiume aliyekuwa akivuta pumzi kwa tabu. Ezelina Tweve, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliiwasha mashine ile. Ikanguruma vizuri. Akamwekea mtoto mrija puani, akasimama akimwangalia anavyogeuka rangi. Hata baada ya mtoto kukata roho, mashine iliendelea kunguruma.

Mwaka uliofuata wauguzi walipelekwa mafunzoni Mbeya. Mwalimu akanyoosha kidole kwenye kichupa cha maji kilichopachikwa kwenye mashine. "Haya maji lazima yatoe mapovu. Mkiona yametulia, mgonjwa hapati kitu."

Ezelina alitoka darasani, akajiegemeza ukutani. Siku ile maji yalikuwa yametulia tuli. Aliyaona. Hata aliwahi kuwaza kwamba ni safi.

Tangu hapo, usingizini na hata akimenya viazi jikoni kwake, aliyaona maji yale. Mumewe akimsemesha haitiki.

Kisha Tusekile akarudi na mimba nyingine. Safari hii alizaa msichana, naye kifua kikawa kinabonyea kila akivuta hewa. Ezelina alipoisogeza mashine, Tusekile akainuka kitandani damu ikimtoka.

"Lisimguse mwanangu hilo! Lilimla pumzi kaka yake!"

"Tulia, mama," Ezelina akamwambia.

"Nitulie? Wewe si ndiye uliyekuwepo? Uliniambia Mungu amempenda zaidi!"

Mkunga mwenzake akamnong'oneza Ezelina, "Dada, usibishane naye, weka tu."

Ezelina hakuweka. Aliwasha mashine, akamsogezea Tusekile mrija shavuni. "Unasikia upepo? Tazama na kichupa kile, maji yanachemka kama uji. Siku ile hayakuchemka. Mashine haikumla mwanao, mama. Hatukujua kuiendesha. Mimi sikujua."

Tusekile alimkazia macho. Kisha akayatazama mapovu.

"Kwa hiyo angepona?"

"Sijui, mama. Huenda angepona."

Mwanamke yule akajilaza, akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni. "Mpe huyu," akasema. "Haraka."

Mtoto alianza kupata rangi, midomo kwanza, kisha viganja. Ezelina hakuondoka pembeni yake mpaka alipolia kwa hasira na kulitafuta titi.

Siku hizi Ezelina ndiye anayewafundisha wauguzi wapya, na hamruhusu yeyote kugusa mgonjwa kabla hajajaribu kila mashine. Wanamwita Sista Mkali, wakidhani hasikii.

Siku za mnada hukutana na Tusekile akiuza viazi, binti yake akikimbia huku na huku kati ya magunia. Hawajawahi kulizungumzia tena jambo lile.

"Kamwene, Sista. Umekonda, hawakulishi huko?"

"Kamwene, mama. Nipimie viazi, acha uchokozi."

Wanacheka. Tusekile humwongezea viazi viwili vya juu. Naye Ezelina, akipokea, hujikuta akitazama kando ya yule binti, juu kidogo ya kimo chake, pale ambapo pangekuwa na kichwa cha kaka yake.