Kimea Nilichokiunguza kwa Bibi

Sisi tuliokulia Mbekenyera kabla ya bodaboda hatukujua kwamba soda ni kitu cha kunywa siku ya kawaida. Soda tuliiona harusini, chupa moja kwa watoto watatu, na mwenye mdomo mkubwa ndiye aliyefaidi. Kinywaji chetu kilikuwa togwa, na togwa ya bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe, ilisifiwa mpaka kijiji cha Chiola. Najua wenzangu wa rika langu mnaosoma hapa mmeshaanza kumeza mate. Mezeni tu, maana kile tulichokunywa sisi hakiuzwi dukani.

Bibi alianzia mbali. Mtama aliuloweka siku nzima, akauchuja, akautandaza ndani ya kikapu juu ya majani ya mgomba na kuufunika kwa gunia bichi. Kila asubuhi tulifunua pembe moja tuchungulie. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili kila punje ilikuwa imetoa kijino cheupe, na ya tatu vijino vilikuwa vimeshikana hata ukinyanyua punje moja zinakuja ishirini. Hapo bibi aliuanika juani, akautwanga, akauchekecha, na huo unga ndio kimea. Sisi watoto tuliulamba kwa kuiba, na bibi alitupiga mgongoni kwa mwiko, si kwa nguvu sana.

Lakini kilichonishangaza, na mpaka leo nikiwa na mvi zangu bado kinanishangaza, ni kile kilichotokea chunguni. Bibi alipika uji mzito wa mahindi, mzito kweli, mwiko unasimama wenyewe katikati. Aliuepua, akauacha upoe kidogo, kisha akatia bakuli moja la kimea na kukoroga. Mwanzoni uji ulikataa. Halafu, ukiwa unautazama, ulianza kulegea. Ulilainika, ukawa mwepesi, ukang'aa, na mwiko uliokuwa umesimama ukalala ukingoni. Ukionja, ni mtamu, na hakuna mtu aliyetia sukari, maana hata sukari yenyewe nyumbani haikuwepo. Nilikuwa naona kabisa kwamba mle ndani kuna mtu anafanya kazi. Nilipiga magoti pembeni ya chungu nikabana pumzi nimsikie.

Baadaye nilisomea uuguzi, na mwalimu akatufundisha kwamba nafaka ikiota hutoa kitu kinachoukata wanga uwe sukari. Niliandika kwenye daftari, likaja kwenye mtihani, nikapata vema. Mshangao wangu haukupungua hata kidogo. Kujua jina la kazi hakukunionyesha mfanyakazi.

Siri ya bibi ilikuwa kiganja. Uji ukiwa wa moto mno, kimea kinaungua na kufa. Ukipoa mno, kinalala. Kwa hiyo bibi aliweka kiganja ubavuni mwa chungu akahesabu mpaka tano kwa Kimwera, taratibu, akivuta pumzi kati ya namba na namba. Akishindwa kufika tano anatoa mkono na kungoja. Akifika, anatia kimea. Hakuwahi kukosea, na hakuwa na saa wala kipimo chochote.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na umri wa miaka tisa, na babu alikuwa amefariki masika yaliyotangulia. Bibi alibaki na shamba kubwa na mikono miwili. Mvua za kwanza zilikuwa zimegusa ardhi, na kila nyumba ilikuwa na haraka ya kulima. Kwetu watu walilima kwa kualikana: leo kwako, kesho kwa mwenzako, na mwenye shamba anapika togwa. Bibi alipewa siku moja tu. Hakuna aliyekwenda kulima shamba la mtu kwa maji matupu, na ile siku ikipita, zamu inaruka kwa wengine mpaka mvua zimeshatangulia. Bila togwa, bibi asingepanda mwaka ule, na bila kupanda tusingekula. Hilo nililijua hata mimi mtoto.

Siku moja kabla ya zamu yetu, adhuhuri ilipopita, bibi aliuepua uji, chungu kikubwa kuliko vyote. Alikwenda kuazima kata za kunywea, akaniambia nisitie kimea mpaka arudi. Mimi nikabaki na chungu, na bakuli, na tamaa. Sikutaka kula wala kunywa. Nilitaka ule muujiza utoke mikononi mwangu, angalau mara moja.

Niliweka kiganja. Nikahesabu kama tulivyohesabu shuleni, kwa Kiswahili, moja mbili tatu nne tano kwa pumzi moja. Kiganja kiliwaka moto, lakini tano nilifika. Nikamimina kimea chote.

Nikakoroga. Nikakoroga tena. Uji ulinitazama tu. Mwiko ulisimama katikati ya chungu ukiwa umenyooka, na mimi nikaanza kuuomba uji kwa sauti, nikiuita kwa majina yote ya heshima niliyoyajua. Bibi alinikuta hivyo, nalia na kukoroga.

Nilingoja fimbo. Hakunipiga. Alichota kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema. Kisha alitazama upande wa shamba kwa muda, na nilivyomwona mabega yake yameshuka, ningependa fimbo mara kumi.

"Umekiunguza," alisema. "Na kingine sina."

Kimea kipya ni siku nne tano. Watu wangefika alfajiri. Bibi alichukua magunia, mkeka na kanga zake mbili, akakifunika chungu kama mgonjwa wa homa, kisha akaniwekea bakuli tupu mkononi. Kwetu ilikuwa hivyo: aliyeharibu ndiye aliyekwenda kuomba, na kosa alilitaja mwenyewe mlangoni, kwa mdomo wake.

"Nenda. Chungu hakikungojei wewe, kinapoa. Kimbia."

Nilianza kwa Bi Mwanaidi, jirani yetu, mwanamke asiyecheka. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikasema: nimeunguza kimea cha bibi, naomba cha kwenu. Aliingia ndani akatoka na konzi ya kimea cha ulezi, akakimimina bakulini. Nikakimbia kwa Mzee Mohamedi, aliyekuwa mwadhini wa msikiti wetu. Nikasema yale yale huku kamasi zinanitoka, na mkewe akanipa konzi moja ya kimea cha uwele na kona ya kanga yake nijifute.

Bakuli halikufika hata nusu. Ilibaki nyumba moja ya karibu, ya Mama Anjela, Mmakua aliyepika pombe ya mtama ikanywewa na wanaume mpaka wakasahau njia za kwao. Mlango ule nilikatazwa kuukaribia. Nikasimama uani kwake, nikalitamka kosa langu kwa mara ya tatu. Mama Anjela alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi niliunguza cha mama mkwe," alisema, akijipangusa macho. "Wiki ya kwanza ya ndoa."

Akalijaza bakuli mpaka likawa na kilima.

Niliporudi, bibi alifunua chungu, akaweka kiganja, akahesabu. Kisha akaushika mkono wangu uliobabuka na kuuweka pembeni ya wake, tukahesabu pamoja kwa Kimwera, polepole, na nilipovuta pumzi haraka alinibana kidole. Tano. Nikamwuliza kama kimea cha Mama Anjela hakitatuingiza dhambini. Akasema kimea si pombe, ni mtama ulioota, na nikoroge. Nikakoroga. Uji ukakataa. Kisha, mbele ya macho yangu, ukaachia. Nasema kweli, nimewahi kupokea watoto wachanga wasiohesabika katika kazi yangu, na kila mara mtoto alipovuta ile pumzi ya kwanza nilikumbuka chungu kile kilivyoachia.

Togwa ya mtama, ulezi na uwele kwa pamoja haikuwahi kunywewa pale kijijini. Kulipopambazuka togwa ile ilikuwa nyekundu kidogo, na uchachu mdogo ulioamsha ulimi. Watu walilima, saa nne wakapumzika wakanywa, wakalima tena, na kabla ya adhana ya adhuhuri shamba lilikuwa limekwisha. Hata Bi Mwanaidi aliomba kuongezewa. Kesho yake, togwa iliyobaki ilikuwa imechachuka, ina povu na inawasha pua. Mzee Mohamedi alirudi akidai amesahau jembe lake, akanywa kata mbili, akaitazama ya tatu kwa mashaka.

"Somoe," aliuliza, "hii bado togwa?"

"Bado," alisema bibi. "Lakini ukiendelea kuuliza itakuwa pombe."

Akanywa bila kuuliza tena.

Sasa nimestaafu, nimeuacha mji wa Ruangwa na kelele za stendi, nimejenga pale pale kiwanjani kwa bibi. Wajukuu wangu wakija kutoka Dar wanashuka na vinywaji vya kopo, ukivinywa moyo unadunda kama mashine ya kukoboa. Nilimpa mmoja togwa, akainusa, akaniuliza ni ya ladha gani, chungwa au embe. Mwingine akasema hana haja ya kufundishwa, ataangalia video. Nawapenda hivyo hivyo. Ila nawaonea huruma, maana kwao kila kitu kinafika kikiwa tayari, na hawajawahi kupiga magoti mbele ya kitu kinachogeuka. Na siku hizi mtu akiharibu, hupiga simu akanunua kingine, na jirani hajui.

Upande wa chini wa shamba langu wamehamia wafugaji kutoka kanda ya Ziwa, na maneno juu ya ng'ombe wao hayaishi hapa kijijini. Mama Kulwa, jirani yangu katika hao, aliniomba nimfundishe togwa ya huku. Nilimfundisha yote, kiganja na kuhesabu, na ile desturi ya aliyeharibu. Alinisikiliza kwa adabu, nikajua atasahau.

Alhamisi iliyopita, jua limeinama, nikasikia hodi. Alikuwa Kulwa, binti yake wa miaka tisa au kumi, ameshika bakuli tupu kwa mikono miwili na macho yapo kwenye vidole vya miguu. Kesho yake mama yake alikuwa amealika watu kuja kukandika nyumba, na ilikuwa mara ya kwanza kwao kualika watu wa hapa.

"Shikamoo, bibi. Nimeunguza kimea cha mama. Nilihesabu harakaharaka. Naomba cha kwako."

Nilitaka kucheka kama Mama Anjela, machozi yakanitangulia. Nikalijaza bakuli mpaka likawa na kilima.

"Chungu mmekifunika?"

"Mama amekifunika na blanketi."

"Basi kimbia."

Akakimbia, bakuli kifuani, halimwagiki hata chembe. Nilibaki mlangoni nikimtazama mpaka alipoingia kwao, na ndipo nilipogundua kwamba nimeweka kiganja ukutani, kwenye joto lililoachwa na jua, nahesabu kwa Kimwera, polepole, nikivuta pumzi kati ya namba na namba.