Feni Isiyosita

Pale hospitalini walimwita Mama Nionyeshe, na jina lenyewe alilipata kihalali. Ukimwambia dawa zimefika, anasema nionyeshe. Ukimwambia mlango wa stoo una kufuli mbili, anasema nionyeshe, kisha anauliza ufunguo wa pili anao nani, na hapo ndipo watu huanza kukuna vichwa. Alikuwa mkaguzi wa ndani, idara nzima ni yeye na kiti chake. Akiingia chumba chochote, vicheko hukatika kama redio iliyochomolewa. Mkaguzi wa nje huja, hukagua, huaga. Wa ndani, watu aliowaandika leo atapanga nao foleni ya chai kesho.

Kila Ijumaa asubuhi fundi mkuu wa umeme aliwasha jenereta kuijaribu, kisha akasaini daftari kwamba imejaribiwa. Ilinguruma nyuma ya jengo la kufulia mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka, na kila aliyeisikia, kuanzia mkurugenzi hadi mgonjwa kitandani, aliridhika kwamba umeme ukikatika hakuna litakaloharibika.

Ijumaa moja Mama Nionyeshe alikuwa mezani kwake, ngurumo imepamba moto, akainua macho juu. Feni ya darini ilikuwa inazunguka kama kawaida. Akaitazama mpaka jenereta ikazimwa. Feni haikusita hata kidogo.

Aliiweka kalamu chini. Kama jenereta ingebebeshwa mzigo wa hospitali, feni ingesita pale umeme mmoja unapotoka na mwingine unapoingia. Kwa hiyo kilichokuwa kinajaribiwa ni injini tu, kama mtu anayekohoa mlangoni ili ajulikane yupo. Iwapo umeme huo ungefika kwenye taa za chumba cha upasuaji au la, hakuna aliyejua. Na chumba hicho kilikuwa kimehamia jengo jipya, na tangu kihamie umeme wa mjini haukuwahi kukatika. Kila siku ya kazi kulikuwa na mtu amelala pale mezani tumbo wazi.

Na tatizo halikuwa taa peke yake. Fundi mkuu alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyemsomesha mumewe baada ya baba yao kufariki. Walipooana hawana mbele wala nyuma, ndiye aliyewapa chumba.

Alimkuta karakana, anafuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa grisi.

"Shemeji, karibu. Leo unataka nikuonyeshe nini?"

"Nionyeshe umeme wa jenereta ukiingia chumba cha upasuaji."

Fundi alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akakitundika kitambaa.

"Ile ni mpaka uzime umeme wa mjini. Siku za nyuma niliwahi kuzima, madaktari wakanijia juu, mkurugenzi akanikataza, ikabidi niombe radhi kama mtoto. Tangu hapo nawasha injini, inatosha."

"Na pale jengo jipya waliunga wenyewe mafundi wa ujenzi?"

"Wenyewe. Mimi sikuitwa." Akashusha sauti. "Shemeji, nipe wiki mbili. Nitalijaribu mwenyewe kimyakimya, pakiwa na kasoro nirekebishe, wewe uandike kila kitu kipo sawa. Nani ameumia?"

Lilikuwa ombi la mtu mzima, halina tusi wala kitisho, na hilo ndilo lililolifanya liwe zito. Mama Nionyeshe alitazama viatu vyake.

"Wiki mbili ni watu wangapi mezani, shemeji?"

Fundi alimpa mgongo. Akachukua spana akaanza kukaza kitu ambacho hakikuwa kimelegea.

Kwa mkurugenzi Mama Nionyeshe aliingia na matroni, mkuu wa wauguzi, kwa sababu alitaka awepo mtu wa kusikia.

"Kabla sijasema neno, ujue fundi mkuu ni shemeji yangu. Idara yangu haina mtu mwingine, kwa hiyo naomba matroni ashuhudie kila hatua, na nitaiambia bodi hivyo hivyo."

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea kiti. "Kumbe ugomvi wa ukoo mmeuleta ofisini. Bi Mkaguzi, unataka nizime umeme wa hospitali kwa sababu ya feni?"

"Nataka tuuzime wakati tumejiandaa, kabla haujajizima wenyewe."

"Na ukizima, mgonjwa akadhurika?"

"Jumapili asubuhi hakuna upasuaji wa kupangwa," matroni akasema. "Mashine za watoto na za wagonjwa mahututi zina betri, na kila kitanda nitaweka muuguzi. Ikija dharura, tunaahirisha jaribio."

Mkurugenzi alizungusha kalamu yake muda mrefu. "Haya, Jumapili. Kila kitu kikienda sawa, Bi Mkaguzi, utaniandikia barua ueleze kwa nini umeitia hospitali nzima hofu. Na barua hiyo nitaijibu."

Kila mtu alielewa jibu litakuwaje.

Nyumbani habari ilishafika. Mumewe aliisogeza sahani.

"Asante ya punda ni mateke. Nimesikia watu wakisema, sikujua nitakuja kumwoa punda mwenyewe."

"Baba watoto, mimi sijamshitaki kaka."

"Unamkagua. Kuna tofauti?"

"Ipo. Angekuwa mtu baki ningefanya hivi hivi."

"Ndiyo hayo ninayosema," mumewe akajibu, akaenda kulala.

Jumapili ilikuja na mawingu. Mama Nionyeshe alisimama kwenye chumba cha swichi, mkurugenzi kulia kwake, shemeji mbele ya kabati la umeme. Matroni alikuwa chumba cha upasuaji, simu iko hewani. Shemeji hakumtazama. Alishika mkono wa swichi kuu akaushusha.

Kimya kilichoingia hakuna aliyewahi kukisikia pale. Majokofu, pampu, feni, vyote vilinyamaza, na kutoka wodini kikasikika kikohozi cha mgonjwa mmoja, wazi kama yuko chumbani humo. Kisha jenereta ikakoroma, ikakwama, ikakoroma tena, ikashika. Taa za ukumbi zikawaka. Wodi zikawaka moja baada ya nyingine. Mkurugenzi alitoa pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Barua yangu nitaipata lini?"

Mama Nionyeshe alitazama mgongo wa shemeji. Alikuwa amemdhalilisha mtu aliyewapa chumba, na kwa ajili ya nini. Akaipeleka simu sikioni.

"Matroni. Huko vipi?"

"Huku giza, dada," matroni akasema taratibu. "Giza totoro. Tunasikia jenereta, lakini huku hakuna kitu."

Kabla mkurugenzi hajafungua mdomo, shemeji alikuwa ameshanyakua tochi anakimbia kuelekea jengo jipya, na umri wake wote ule. Waya wa chumba kile mafundi wa ujenzi walikuwa wameuunga upande wa umeme wa mjini peke yake. Kwa jenereta, chumba hakikuwepo. Kabla ya adhuhuri aliuhamisha, wakazima tena, na safari hii taa kubwa juu ya meza ya upasuaji ikawaka.

Mama Nionyeshe alimkuta shemeji amekaa chini, ameegemea ukuta, shati limelowa.

"Utaniandika," fundi akasema.

"Nitaandika. Kwamba ulikuwa unawasha injini tu ukisaini imejaribiwa. Na kwamba ulikatazwa kuzima, na jengo jipya hukuitwa, na kwamba leo umelitengeneza mwenyewe. Yote."

"Yote," fundi akarudia. "Basi sawa. Ungeandika nusu ningekasirika."

Lakini alikasirika vilevile. Bodi ilimpa barua ya onyo ikamwondolea ukuu wa idara, na mkurugenzi naye akapewa ya kwake, ila yake haikusomwa kwa sauti. Shemeji akaacha kupita nyumbani kwao. Mumewe aliongea na mkewe mambo ya lazima tu: gesi imeisha, mtoto ana homa. Mama Nionyeshe hakujitetea. Foleni ya chai ilimwachia nafasi mbele na nyuma.

Ijumaa moja baada ya hapo, kabla upasuaji haujaanza, jenereta ilinguruma. Akaacha kuandika, akainua macho. Feni ilizunguka, ikalegea, ikasimama kabisa, na taa ikazima. Alishika ukingo wa meza. Kisha panga zikajivuta, zikaanza kuzunguka upya.

Simu ya mezani ikalia.

"Imesita?" Ilikuwa sauti ya shemeji, kavu, jenereta ikinguruma nyuma yake.

"Imesita, shemeji."

"Leo hujaniambia nikuonyeshe."

"Leo nimeona."

Akasikia kama mtu anaguna, au anacheka kidogo, kisha simu ikakatwa.