Wifi na Giaboksi ya Chuma

Jirani waliyembatiza jina la Redio alisimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni, akashusha sauti mpaka ikasikika nyumba ya tatu.

"Mama Bonge, mimi si mtu wa maneno. Lakini wifi yako kaingiza mwanamume chumbani."

Mama Bonge alikuwa akimnyonyesha Bonge mwenyewe, mtoto wa mapaja kama mikate ya kuumuka. Akauliza taratibu, "Umemwona?"

"Kwa macho yangu haya. Kabebwa na watu wawili, hajiwezi, kafunikwa blanketi gubigubi. Na wifi yako anafuata nyuma anawaambia, polepole, msimgonge kichwa."

Mama Bonge alimhamishia mtoto kwenye titi la pili, akainuka, akaenda kusukuma mlango wa chumba cha pili. Wifi yake alikuwa amepiga magoti mkekani, oili mpaka viwikoni, uso unang'aa kama bi harusi. Mbele yake, juu ya blanketi, lilikuwa limelala dude la chuma, refu kama mbuzi aliyenyooshwa miguu.

"Wifi, huko nje wanasema umeolewa."

"Nani kakataa? Mtazame. Hanywi, hajibu, halafu ana gia nne. Mumeo ana ngapi?"

"Moja. Na asubuhi haiingii."

Wakacheka mpaka Bonge akaachia titi, akawatazama kwa zamu kama hakimu.

Huyu wifi, dada wa mumewe, ufundi aliupata kwenye gereji ya malori, akaja kufungua kazi yake uani, chini ya mabati. Mikono anayo, kazi kubwa hana. Watu humletea baiskeli na matoroli, na akija mwenye gari, humpita palepale alipo na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Mpaka ilipokufa injini ya petroli ya gari la zahanati, forwili ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ile zahanati ya juu ya kilima cha mawe. Wifi akalipachika gari injini ya dizeli ya lori dogo. Dizeli ikavuta vizuri ajabu, ila giaboksi ya zamani, iliyozoea kubembelezwa na petroli, haikuuweza mvuto huo. Kabla hawajafika nusu ya kilima, meno ya gia yalisagika yote, yakabaki kulia ndani kama punje za mahindi kwenye debe.

Muuguzi mkuu wa zahanati, Sista, hakugomba. Alisema tu, "Ijumaa nataka gari hili lipande mpaka mlangoni kwangu, na mapipa ya maji ndani. Likipanda, magari yote ya zahanati ni yako kuyatengeneza. Lisipopanda, iko gereji ya barabarani, wana ovaroli za kufanana."

Tangu siku hiyo wifi alikuwa halali vizuri wala hanuni. Alikuwa na furaha ile ya mtu anayetaka kitu mpaka anakiota mchana.

Kuichagua giaboksi ile ya kwenye blanketi walikuwa wamekwenda wote, Bonge mgongoni. Muuza skrapa aliwatolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya aluminiamu nyepesi, nyeupe, gia tano, imefutwa ikapendeza. Ya pili ilikuwa ya lori, ya chuma cha kumimina, nyeusi, nzito, na nyuma yake imeshikana na boksi dogo la kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

"Chukua hii nyeupe, dada," muuza skrapa alisema. "Laini. Unaingiza gia kwa kidole kimoja."

"Laini ni uji wa Bonge. Mimi nataka ya kubeba kilima."

Akafungua nati ya chini ya ile nyeupe, akachovya kidole, akaisugua oili kwa kidole gumba, akainusa. Ilimetameta vumbi la chuma. "Huyu anajitafuna mwenyewe," alisema, akampakaza muuza skrapa kitone cha oili juu ya pua. Akahamia kwenye ile nyeusi. Oili yake ilikuwa nyeusi pia, lakini nyororo, haina punje. Akaishika shafti ya mbele, ule mhimili unaopokea nguvu ya injini, kwa mikono miwili, akaitikisa kama anayemwamsha mgonjwa. Haikucheza. Akaingiza gia ya kwanza, akazungusha, akazungusha, akazungusha tena, na mkia wake, shafti ya nyuma, ukageuka kidogo tu, kwa uvivu.

"Umeona, wifi? Huyu hana haraka. Asiye na haraka ndiye mwenye nguvu."

Mama Bonge aliona. Na siku ya kuifunga aliona kingine. Giaboksi ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, ikabidi sakafu ya gari ikatwe, na mti wa gia ukachomoza nyuma ya kiwiko cha dereva. Kabla ya kuiunga na klachi, wifi aliingia chini ya gari na grisi yake, akaimba kwa sauti ya kukwaruza, akamwachia Mama Bonge shafti ya mbele aizungushe kwa mkono.

"Wifi," Mama Bonge alisema. "Huku nazungusha kulia, mkia unakwenda kushoto."

"Ana kiburi huyo. Zungusha tu."

"Kwa nguvu, au?"

"Kwa mapenzi." Na wimbo ukaendelea. Mama Bonge akadhani labda ndivyo zilivyo hizi za malori, akazungusha kwa mapenzi.

Ijumaa, mapipa yakiwa yamejazwa, wifi alipanda, akawasha. Dizeli ikanguruma vizuri. Redio alikuwa akianika shuka, akageuka kutazama. Wifi akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaondoka kwa heshima zote, kinyumenyume, likaivaa kamba ya nguo na shuka la Redio likatanda kwenye kioo cha nyuma.

"Umekosea gia," Redio alisema, akilivuta shuka lake.

Wifi akaingiza ya pili. Gari likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Akaingiza ya rivasi. Likaenda mbele.

Akazima. Akalaza paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika. Mama Bonge alikimbia akidhani analia, akamshika mgongo. Wifi akainua uso, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Ulinambia," alisema. "Ulinambia, mimi naimba. Lile boksi la nyuma lina gia mbili zinazogusana, moja ikienda huku nyingine inakwenda kule. Lori lake lilitengenezwa kuendana na mzunguko huo, gari letu halikutengenezwa hivyo. Wifi, nimeunda gari lenye gia nne za kurudi nyuma." Kisha kicheko kikamkauka. "Kuishusha na kuigeuza ni kazi ya siku nzima. Sista anangoja leo."

Mama Bonge alilitazama gari, akakitazama kilima, akamrekebisha Bonge mgongoni.

"Sista alisema lipande," alisema. "Sikusikia akisema litangulize uso."

Wifi akamtazama kama ndiyo kwanza wamejuana.

Wakapanda kilima hivyo, matako mbele. Gia ya kwanza, mwendo wa bi harusi, mapipa yanacheza ngoma. Mama Bonge alikaa nyuma, mlango wa nyuma wazi, ndiye macho ya gari. "Kulia. Kulia kwangu, si kwako. Jiwe. Haya, njoo." Redio alitangulia kwa miguu akipunga shuka na kuwatangazia wapita njia, "Pisheni, anayekuja ndiye anayekwenda." Watu walijipanga kando wakishika mbavu. Pale ile giaboksi ya kwanza ilipomwaga meno, wifi aliacha kucheka, akatega sikio. Chuma cheusi kilivuma vilevile, hakikuguna hata kidogo. Wakapita.

Sista alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, kikombe mkononi, akilitazama gari likimwelekea na mapipa yake.

"Fundi," alisema liliposimama, "mbona umenipa mgongo?"

"Shikamoo, Sista. Nguvu anayo. Adabu nitamfundisha kesho."

"Marahaba. Hayo mapipa yamejaa?"

Mama Bonge akafungua kifuniko, maji yakamrukia Sista kwenye viatu. Sista akacheka mpaka chai ikafuata maji.

"Nguvu nimeiona. Lishuke salama tu, hizo gia zifike chini nzima, na magari yangu ni yako. Likimwaga meno njiani kama ile giaboksi ya kwanza, tusijuane."

Gari lilikuwa limeelekeza uso bondeni, pa kuligeuzia hapakuwapo, na kwenda kwa uso lilikuwa na gia moja tu, ya rivasi. Wifi alitembea kulizunguka mara moja, akainama chini ya sakafu, akarudi akiwa hatanii.

"Gia hii haikuundwa kwa safari ndefu. Lazima mtu atembee ubavuni, sikio chini, asikie ikianza kulalamika, aseme simama. Na sikio hilo ni langu." Akamfungua Bonge mgongoni kwa mama yake, akamweka mikononi mwa Sista, kikombe na vyote. Kisha akamshika Mama Bonge mikono miwili, kwa vidole vyake vya oili.

"Wifi yangu, hujawahi kuendesha, najua. Lakini gia ni moja, huwezi kuikosea, na wewe huna pupa. Ingia kwenye usukani, unishushie gari."