Nzuri, Ila

Juzi nilimpeleka mama kliniki ya kisukari hapa mjini. Tukiwa kwenye foleni nilikuwa nakaa na kusimama kama mtoto anayengoja mtihani. Mama akacheka, akaniuliza kati yetu mgonjwa ni nani. Hakujua kuwa nilikuwa namwaza mama yake, bibi yangu wa Meru.

Ukienda kwa bibi, ndugu yangu, harufu ya ndizi na maharage ilikupokea kabla yake. Wajukuu tulikata majani ya ng'ombe, naye akichuma kahawa na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu isiyomwonea mtu haya. Alitufundisha kwamba ukiulizwa habari, unajibu nzuri kwanza, hata kama kuna msiba: "Nzuri, ila tumefiwa." Shida haitangulii salamu, alisema.

Kidonda cha mguuni kilipogoma kupona, nilimsindikiza hospitali, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Alivaa kitenge cha Jumapili. Kwenye benchi, waliopendeza waliitwa kabla yetu, na muuguzi akalalamika kwamba bibi ananuka moshi. Niliogopa, nikamshika mkono.

Daktari, kijana tu, hata shikamoo hakutoa. "Habari, bibi?"

"Nzuri," bibi akajibu kwa adabu zake zote, akavuta pumzi aseme ile ila yake.

"Basi ni uzee huo. Apewe dawa ya maumivu. Anayefuata!"

"Ana kidonda mguuni," nikasema.

"Wewe mtoto, nimesema anayefuata."

Tuliporudi mara ya pili mguu ulikuwa umeoza, wakaukata. Kahawa ikaiva na kudondoka bila mchumaji. Nyimbo nazo zikaisha. Alisema huwezi kumwimbia Mungu ukiwa umekaa.

Basi juzi daktari akamuuliza mama, "Habari, mama?"

"Nzuri," mama akasema.

Daktari akashika kalamu.

"Ila miguu inamwaka moto!" nikapayuka. "Na haoni vizuri!"

Mama alinikodolea macho kwa aibu. "Mwanangu, hata salamu hatujamaliza?"

Alipimwa, akapewa dawa, tukarudi nyumbani salama. Sikumwambia kwamba wanangu nimeshawafundisha: hospitalini, ukiulizwa habari, anza na pale panapouma. Ile nzuri ya bibi itaishia kwa mama, na ninaihurumia kama mtu.