Keziah na Msalaba wa Hariri

Keziah alizaliwa mtumwa huko Virginia, na hadi anafikisha miaka arobaini hakuwa na chake duniani ila ufundi wa sindano na binti mmoja, Tempe. Mwaka wa kwanza wa vita kati ya majimbo ya Kusini na ya Kaskazini, bibi aliyemmiliki, Lavinia, alikubali kumuuza Tempe. Dalali angekuja kumchukua Alhamisi.

Alhamisi hiyohiyo, saa tisa, kikosi cha mjini kingekabidhiwa bendera mpya. Ile ya kwanza ilifanana mno na ya adui. Kwenye moshi wa vita watu hawakujua wampige nani. Aibu iliyoje! Sasa ilitakiwa nyekundu, ya mraba, yenye msalaba wa buluu uliolala mshazari na nyota nyeupe juu yake. Na desturi ilitaka mabibi waishone wenyewe, kwa hariri ya magauni yao.

Basi wakashona, mafundi wa kujiita hao! Msalaba wakaukata mshazari, na hariri ikikatwa hivyo huvutika kama unga uliokandwa. Bendera ikajaa mikunjo, nyota zikaenda kombo. Saa nne asubuhi Bibi Lavinia akaingia jikoni mbio, kaikumbatia.

"Keziah! Ifumue, uishone upya. Haraka!"

Keziah akaigeuzageuza. "Msalaba umeharibika, Bibi. Unakatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, ndipo unalazwa mshazari. Saa tisa haijafika, nimemaliza."

"Sasa unangoja nini?"

"Mikono inatetemeka. Haitatulia mpaka dalali aondoke bila Tempe."

"Mshenzi wewe! Nitakuchapa!"

"Nichape, Bibi. Itazidi kutetemeka."

Nje, gari la dalali likasimama. Tempe alikuwa mlangoni na kifurushi chake, analia. Bibi akaitazama saa, akaitazama bendera, akauona mji mzima ukimcheka. Akatoka akamwambia dalali kwamba hauzi tena. Gari likaondoka tupu.

"Haya, shona!"

"Nahitaji hariri nyingine ya buluu, Bibi. Hiyo uliyovaa itafaa."

Weee! Bibi akalivua gauni lake.

Saa tisa mabibi walisifiwa kwa kazi ya mikono yao, na uwanja ukalipuka kwa vifijo. Nyuma kabisa, mpishi wa jirani akamchokoza Keziah, "Mwenzangu, hata makofi hupigi?"

"Sina nafasi," akajibu Keziah, akicheka machozi yakimtoka. Alikuwa amemkumbatia Tempe kwa mikono yote miwili.