Skuli Ilifunguliwa Mama Akiwa Edani

Msimu ule nyumba yetu ya Mlandege ilinuka sabuni ya mche na bafta mpya, kitambaa cheupe cha pamba ambacho hakijaingia maji. Ilikuwa harufu kavu, ya kukwaruza pua, na niliichukia kwa sababu nilijua imekalia nafasi ya nyingine. Kabla ya hapo nyumba yetu ilinuka udi jioni, na asmini kwenye mto wa mama, na mafuta ya nazi kwenye nywele zangu na zake. Baba alikuwa amefariki kwa homa ya ghafla, na mama alikuwa amekaa eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na ushei. Hatoki bila dharura, hajipambi, hajifukizi, hatii wanja. Mtaani kwetu, miaka ile ya hamsini, mambo yalikazwa zaidi ya hapo. Mjane hakuonekana na mwanamume asiye maharimu yake, yaani anayeweza kumuoa, na hata sauti yake haikutakiwa imfikie. Nilipokuja kusoma vitabu vya dini ukubwani niliona kwamba sheria yenyewe ina upole kuliko nilivyodhani, lakini sheria niliyoijua mimi wakati ule ilikuwa ya Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyetuletea vitu vya sokoni na kumkagua mama kuanzia utosini mpaka unyayoni kila alipoingia.

Mimi nilikuwa na jambo langu lililokuwa likinichoma. Kabla baba hajaugua, alikuja nyumbani mwalimu wa kike, kajifunika buibui lake, akapiga hodi kwa adabu. Walimu wa kike zama zile walipita mlango kwa mlango kuwaomba wazee wawatoe mabinti zao waende skuli, maana watu wengi waliona msahafu ukishahitimiwa basi, mtoto wa kike amemaliza. Baba alimsikiliza pale pale mlangoni, mkono mmoja umeshika komeo, kisha akasema, "Skuli zikifunguliwa, huyu mtakuwa naye." Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele na nilicheka kwa furaha bila kufunga mdomo. Utaratibu ulikuwa kwamba mtoto mpya hupelekwa na mzee wake siku ya kufungua. Asiyeletwa siku hiyo nafasi yake hupewa mwengine. Sasa baba hakuwepo, mama hatoki, na siku zilikuwa zinakwenda.

Joto la kaskazi lilikuwa kali na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu aliyetulia. Mama alikuwa akinishonea gauni la skuli na suruali yake nyeupe, cherehani imesogezwa kwenye dirisha la uani apate mwanga. Alishona, akanivika, akanivua, akafumua, akashona tena. Mara mabega mapana, mara pindo fupi. Mimi nilijua, hata kwa akili za utoto, kwamba gauni halina kasoro. Alikuwa anaogopa kulimaliza. Nikisikia cherehani imenyamaza nilikwenda kuchungulia, nikimkuta kaweka mikono mapajani anatazama ukuta nilirudi ukumbini, nikikaa ukumbini nilisikia watoto wenzangu njiani wakiringiana mikoba, nikainuka tena. Nilimkasirikia baba kwa kufa. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hilo, na sidhani kama mtoto anayefiwa hukosa hasira ya namna ile.

Aliyekuwa na uamuzi juu yangu alikuwa Ami Makame, mdogo wake baba, mtu wa Uroa, kijiji cha wavuvi huko shamba. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kututazama, kachukua samaki wa ng'onda au pweza mkavu kwenye kikapu. Alikohoa njiani, akakohoa mlangoni, akapiga hodi, akangoja mpaka mama aingie chumbani na pazia lishuke. Ndipo aliingia akakaa kwenye mkeka, uso kaelekeza mlango wa nje, na mazungumzo yakaanza kwa kupitia mimi.

"Mwambie mamaako namsalimu. Hali yake vipi?"

Naingia ndani ya pazia. "Mama, ami anakusalimu, anauliza hali yako."

"Mwambie mimi mzima, alhamdulillahi. Nyumbani kwake wazima?"

Natoka. "Mama anasema yeye mzima, alhamdulillahi. Anauliza nyumbani wazima?"

Pazia lenyewe lilikuwa la kitambaa chepesi, na kutoka kwake mpaka mkeka wa ami mtu angeweza kunyoosha mguu akafika. Ami alisikia kila neno la mama. Mama naye alisikia kila neno lake, hata kumeza mate. Lakini ami hakujibu kitu mpaka mimi nitoke nikiseme, na akinisubiri alitazama kidole chake cha mguu kana kwamba hajasikia lolote. Nikichelewa kutoka, alisema kwa sauti, "Haya mwanangu, kasemaje?" Mwanzoni niliuona mchezo mzuri, nikajipa cheo. Baada ya wiki chache miguu ilinichosha na maneno yalianza kuwa mazito, kwa sababu yalikuwa yananihusu mimi.

Ami hakutaka niende skuli. Hakuwa mtu mbaya, na najua alinipenda, kwani kila alipokuja alinifungulia ngumi yake nikakuta kipande cha gubiti, peremende ya sukari. Ila alikuwa na hofu. Kwao walishaanza kumuuliza atamfanyaje yatima wa kakaake, na yeye alishawajibu kwamba atamchukua akae naye. Mambo ya mjini aliyaona yote ni mtego. "Mwambie mamaako," alisema Ijumaa moja, "watoto wa kike huko skuli wanafundishwa kuandika, na wakishajua kuandika wanawaandikia wanaume barua." Nikaingia nikasema. Mama akajibu kwamba mtoto mwenyewe hata jina lake hajaliandika. Nikatoka nikasema. Ami akasema ndiyo maana, tusingoje alijue. Mle ndani nilimwona mama anauma ncha ya mtandio asicheke, na mimi nikataka kucheka naye, kisha nikakumbuka kwamba kinachozungumzwa ni mimi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho, skuli zinafunguliwa kesho yake. Siku zile skuli yetu ilifungwa Ijumaa na Jumapili, na Jumamosi ilikuwa siku ya kusoma. Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi, limetundikwa kwenye msumari, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nikilizunguka. Bi Zuhura alikuwa uani anapeta mchele. Ami alikuja alasiri, safari hii hakuleta kikapu, na hakukunja miguu kama anavyokaa siku zote, alichutama tu kama mtu anayepita njia.

"Mwambie mamaako," akasema, "kesho asubuhi nnaondoka na wewe. Gari la shamba nshalisemea. Yeye akitoka eda Mungu akipenda, tutakaa tuzungumze. Sasa hivi hana uwezo wa kutoka, na mtoto hawezi kujipeleka."

Niliinuka, nikalifikia pazia, nikalishika. Hapo nikasimama. Nilikuwa nimezoea kuchukua maneno ya watu wazima na kuyashusha upande wa pili kama nashusha vyombo, lakini haya sikutaka kuyachukua. Niliona nikiyasema mimi kwa mdomo wangu ndiyo yatakuwa kweli. Ami akasema, "Haya mwanangu, mwambie." Mama alikuwa ananingoja nimwambie jambo ambalo ameshalisikia. Nikaanza kulia, kilio cha kimya kimya cha kutikisika mabega, nusu yangu chumbani na nusu ukumbini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Makame."

Uani, ungo wa Bi Zuhura uliacha kupeta.

"Makame, kakaako alimwahidi yule mwalimu, kasimama hapo mlangoni mbele yako. Yeye hayupo tena wa kuibadilisha ile ahadi, na wewe sikubali uibadilishe. Mtoto kesho anakwenda skuli. Na utampeleka wewe, kwa sababu mimi sitoki. Nikitoka eda, kama una la kunilaumu, njoo unilaumu mimi. Mtoto muache."

Haikuwa sauti kubwa. Ilitetemeka mwanzo, na mwisho haikutetemeka. Mimi niliacha kulia kwa mshangao, kwa sababu sikupata kusikia mama akimtaja ami kwa jina lake. Ami aliinamisha kichwa. Nilidhani atasimama aondoke moja kwa moja na asirudi tena, na bila ya yeye hatukuwa na mwanamume mwengine wa kutusimamia. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa. Kisha akanigeukia mimi, akasema taratibu:

"Mwambie mamaako nshasikia."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imefungamana, uso umelowa jasho. "Mama, ami anasema keshasikia." Akasema, "Mwambie ahsante." Nikatoka, nikamwambia ami ahsante, naye akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi alikuja na kanzu safi. Alitembea mbele, mimi nyuma nikikimbia kumfikia. Kwenye skuli ya wasichana wanaume hawakupita geti. Palikuwa na bibi mmoja mtu mzima aliyekaa hapo kwenye kigoda, na yeye ndiye aliyeingia na kutoka na maneno baina ya wazee wa kiume na mwalimu mkuu. Nilimwona ami anapangusa jasho, yamemfika na yeye mambo ya pazia. Bibi akatoka akamuuliza, "Bi mkubwa anasema, wewe ndiye babaake?" Ami akajibu, "Mwambie babaake kafariki. Mimi ndiye niliyebaki." Bibi akaingia, akakawia, akatoka. "Anasema mtoto apite." Ami alinisukuma kidogo begani, na nilipogeuka alikuwa ameshafika mbali, anakwenda upesi kama mtu anayekimbia mvua.

Mama aliilipia kauli yake ile. Kabla ya adhana ya Magharibi ya siku ile ile mtaa mzima ulijua kwamba mjane amezungumza na shemegi yake. Wengine walisema eda imevunjika na itabidi aianze upya tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halimo katika kitabu chochote nilichopata kukisoma, lakini walilisema kwa yakini kubwa na kulibishania visimani. Akatumwa mtu kwa mke wa sheikh, mke akamuuliza mumewe, jawabu likarudi kwamba eda ni nzima na watu waache kumsumbua mwanamke wa watu. Hata hivyo siku yake ya kutoka ilipofika, mama aliongeza siku nyengine chache ndani, awafunge midomo. Wanawake waliokuja kumuogesha na kumbadilisha nguo walikuwa wachache mno, na Bi Zuhura hakuwemo. Mama alilia siku ile kuliko siku ya maziko. Nililiona hilo kwa macho yangu na lilinikaa.

Siku hizi nakaa kwa binti yangu Kiembe Samaki, ndege zinapita juu ya mapaa. Skuli zikikaribia kufunguliwa nyumba hupata homa ile ile: viatu vimebana, soksi moja haionekani, simu ya binti yangu inalia mfululizo kwa sababu kina mama wa darasa zima wana kundi lao humo na wanaulizana rangi ya mtandio. Gauni limenunuliwa limeshonwa tayari. Mkwe wangu humpeleka mtoto kwa gari, huingia mpaka darasani, huzungumza na mwalimu wa kike ana kwa ana na kumtania, na hakuna anayeona ajabu. Nafurahi, wallahi, ingawa pilikapilika zao hunichosha. Wakimpokea mchana humuuliza kapata alama ngapi. Mama yangu hakuwa na uwezo wa kuniuliza habari za alama, maana hakusoma ila Kurani. Yeye kila siku nilipovua mtandio aliniuliza neno moja tu, "Umesema?" Alitaka kujua kama mle darasani nilifungua mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mwalimu, nikasema nilichonacho. Nikimjibu sikusema, chakula alinipa, lakini uso ulimshuka. Basi juzi, siku ya kwanza ya skuli, nilimwahi mjukuu wangu mlangoni kabla ya wazee wake, nikamuuliza, "Umesema leo?" Akatupa mkoba chini, kakunja uso. "Bibi, mwalimu kanitoa nje! Kasema nasema sana." Mamaake akaanza kumgombeza. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha machozi yakanitoka kweli, kwa kutamani mama awepo alisikie.